Kutoka Nasaba hadi Kitendo: Leonard Mambo Mbotela, Redio ya Umma na Neno "Ungwana"

1.0 Utangulizi



Leonard Mambo Mbotela alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Alizaliwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1940. Aliingia katika redio ya taifa ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? ambacho kilidumu hewani kwa zaidi ya nusu karne. Alisoma taarifa za habari, akatangaza mechi za kandanda, akahoji wakubwa kwa wadogo. Hata hivyo, katika tanzia zake mambo mawili yalitajwa kuliko mengine yote: kipindi hicho, na siku ya tarehe 1 Agosti 1982, alipoamriwa na askari wenye silaha kulitangazia taifa kwamba serikali imepinduliwa.

Aghalabu mambo hayo mawili husimuliwa kama visa viwili visivyohusiana: kimoja cha kufurahisha, kingine cha kutisha. Mhadhara huu unakusudia kuonesha kwamba ni sura mbili za suala moja, nalo ni suala la mamlaka ya sauti katika redio ya umma. Hoja yake ni kwamba mtangazaji huyu alisaidia kulitoa neno ungwana katika nasaba na kulitia katika kitendo. Kwamba aliifanya kazi hiyo kwa kutumia swali badala ya tangazo. Na kwamba tofauti iliyopo baina ya swali na tangazo ilidhihirika wazi siku ile ya mwaka 1982.

Yafaa kuuliza tangu mwanzo: habari za mtangazaji wa Nairobi zinamhusu nini, kwa mfano, mtu wa Sapiwi? Sapiwi ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya Ntuzu, nchi ya pamba na ng'ombe, na lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Mtoto wa huko aghalabu hukutana na Kiswahili akiwa tayari ana lugha yake: hukikuta shuleni, katika ofisi ya kata, mnadani na redioni. Wasemaji wengi wa Kiswahili leo wanafanana naye kuliko wanavyofanana na mwenyeji wa Lamu au wa Unguja. Kwa hiyo, anapoulizwa na redio kama jambo fulani ni ungwana, ana haki ya kuuliza naye: ungwana wa nani? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha mhadhara huu, na mwishoni mjadala utarejea Sapiwi.

2.0 Neno kabla ya redio

Katika miji ya kale ya pwani, mwungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye ukoo unaojulikana na nyumba inayojulikana. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Na kinyume cha ungwana kilikuwa utumwa au ushenzi, yaani hali ya mtu wa bara asiyekuwa wa mji. Adabu, usemi wa staha na mavazi nadhifu vilihesabiwa kuwa alama za hali hiyo, lakini havikuwa hali yenyewe. Mtumwa aliweza kuwa na adabu kuliko bwana wake, wala adabu hiyo isimfanye mwungwana.

Hata hivyo, maneno hayakai mahali pamoja, nalo neno hili lilisafiri. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa ilipoingia bara, wapagazi na askari wa misafara hiyo walijiita waungwana. Wasafiri wa Ulaya, akiwemo Henry Morton Stanley, waliwaita wafuasi wao wa Zanzibar kwa jina hilo hilo, ilhali wengi miongoni mwao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mtu ambaye mjini asingethubutu kujiita mwungwana, alipovuka Tabora alijiita hivyo bila woga, kwa kuwa alivaa kanzu, alijua Kiswahili na alitoka pwani. Katika Kongo ya mashariki lugha yenyewe ikaitwa Kingwana. Hivyo, njia za misafara, ambazo Wanyamwezi na Wasukuma walizipita kwa maelfu wakiwa wapagazi, zilipanua maana ya neno kabla hata redio haijavumbuliwa.

Tahadhari moja ya kiisimu inafaa hapa. Msikilizaji wa Sapiwi anaweza kusikia katika neno hili mwangwi wa ng'wana, neno la Kisukuma ambalo ni sawa na mwana la Kiswahili, na ambalo limo katika jina maarufu la Ng'wanamalundi. Mshabihiano wa sauti si ushahidi wa asili moja, wala mhadhara huu haudai hivyo. Unachoonesha mshabihiano huo ni kwamba neno linapofika kwa watu wapya halifiki katika chombo kitupu. Hupokewa na masikio yenye lugha yake na heshima yake.

Sambamba na safari hiyo, wenye lugha wenyewe walikuwa wameacha mlango wazi katika methali: Mwungwana ni kitendo. Methali hiyo inapinga nasaba kwa maneno matatu tu. Inasema kwamba mtu hupimwa kwa atendalo. Lakini methali ni hekima inayosubiri kutumiwa, na jamii inaweza kuitamka kila siku huku ikiendelea kuuliza babu wa mtu alikuwa nani.

3.0 Mtoto wa Frere Town

Ni katika usuli huo ndipo mahali alipozaliwa Mbotela panapopata uzito wake. Frere Town ilianzishwa katika miaka ya 1870 na Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza, upande wa bara wa Kisauni, mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Ilipewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Waliokombolewa katika majahazi waliletwa hapo. Kengele iliyowekwa kuwaonya wakazi wakati wa hatari imeacha jina lake mpaka leo katika mtaa wa Kengeleni.

Wakazi hao walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakuwa na lugha moja, wala mji wa asili waliozaliwa pamoja. Kiswahili kiliwaunganisha, na kwa watoto wao kikawa lugha ya kwanza. Watu wa Mombasa waliwaita Wamisheni. Walikuwa huru, lakini kwa kipimo cha zamani cha pwani hawakuwa waungwana, kwa sababu uhuru wao ulikuwa na tarehe, na ungwana wa zamani haukuwa na tarehe.

Ukoo wa Mbotela ulitokana na watu hao. Mtu wa ukoo huo, James Mbotela, aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934, mojawapo ya kazi za mwanzo za nathari ndefu ya Kiswahili kuandikwa na Mwafrika. Kitabu hicho kinasimulia kukamatwa kwa watu bara, safari ya kuelekea pwani, ukombozi baharini na maisha mapya ya misheni. Wahakiki wamekilaumu, na kwa haki, kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza bila kuwahoji. Lakini thamani yake kwa mada hii haipungui: ni kitabu ambamo watu walionyimwa jina la waungwana wanajisimulia katika Kiswahili, kwa kauli ya watu wenye historia.

Miaka 32 baada ya kitabu hicho, mtoto wa Frere Town alikaa mbele ya maikrofoni jijini Nairobi na kuiuliza nchi nzima: je, huu ni ungwana? Kipindi hicho hakikujitambulisha kama jibu kwa historia ya pwani. Hata hivyo, mwanaisimujamii hawezi kupita bila kulitazama tukio hilo mara ya pili. Neno lililotumika kuwatenga watu wa ukoo wake sasa lilikuwa mikononi mwake, naye ndiye aliyekuwa akiwauliza wengine, wakiwemo wajukuu wa waungwana wa kale, kama wanalistahili.

4.0 Swali la mwaka 1966

Mazingira ya mwaka 1966 yanahitaji kukumbukwa. Shirika la utangazaji la Kenya lilikuwa limetaifishwa mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989. Kiswahili kilikuwa bado hakijawa lugha ya Bunge, jambo lililotokea mwaka 1974, wala hakijawa somo la lazima, jambo lililokuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kutambuliwa kwake kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika Katiba kulingoja hadi mwaka 2010. Kwa hiyo kwa takribani miaka 20 ya mwanzo, Mkenya wa bara hakulazimishwa na shule kujua Kiswahili. Sokoni na redioni ndiko alikojifunzia.

Hali ilikuwa tofauti Tanzania. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa na kipindi cha Lugha ya Taifa, ambamo msikilizaji alifundishwa lipi ni sanifu na lipi si sanifu. Huo ulikuwa ufundishaji wa usahihi. Kipindi cha Mbotela kilifundisha lugha kwa njia nyingine. Kilieleza jambo la kila siku, tabia ya mgeni kwa mwenyeji au ya jirani kwa jirani, kikalisimulia kwa ucheshi na kwa utaratibu, kisha kikauliza swali lake. Msikilizaji hakuambiwa kwamba amekosea sarufi. Aliombwa atoe hukumu.

Muundo huo una umuhimu wa kipragmatiki. Taarifa ya habari ni mfululizo wa kauli arifu: jambo limetokea, waziri amesema, mvua imenyesha. Msikilizaji hana nafasi ndani ya kauli hizo ila kuamini au kutoamini. Swali la ndiyo au siyo, hasa lile lenye jibu linalojulikana na wote, hufanya kazi tofauti. Huchukulia kwamba muulizaji na muulizwa wana kipimo kimoja. Fundi wa Kisumu, mama wa Machakos na mvuvi wa Lamu, kila mmoja alipojibu kimoyomoyo kwamba huo si ungwana, alikuwa ameshakubali kuwa yeye ni mmoja wa wanaojua ungwana ni nini. Hakuna aliyemuuliza ukoo wake kwanza.

Kwa namna hiyo methali ya kale ilipata chombo. Katika kipindi hiki ungwana haukuwa mali ya mtu bali sifa ya kitendo. Hata kisarufi jambo hilo linaonekana: anayeulizwa habari zake si "huyu", yaani mtu, bali ni "huu", yaani mwenendo. Swali halisemi "Je, huyu ni mwungwana?" Tofauti ya kiwakilishi kimoja inabeba tofauti ya falsafa nzima. Mtu aliyekosea leo anaweza kutenda vyema kesho, na ungwana ukawa wake.

5.0 Tarehe 1 Agosti 1982

Alfajiri ya Jumapili hiyo, askari wa Jeshi la Anga la Kenya wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi. Mbotela alifuatwa nyumbani kwake, akapelekwa studio na kuamriwa kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Alitangaza. Kabla ya siku kwisha, askari watiifu kwa serikali chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikikomboa kituo, na sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali imerudi mikononi mwa Rais. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarejeshwa Kenya, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987. Mbotela aliendelea na kazi, na kisa hicho alikisimulia mwenyewe mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini waasi walimhitaji? Walikuwa na bunduki, mitambo na maikrofoni. Linganisho la karibu ni Zanzibar ya Januari 1964. John Okello, mzaliwa wa Uganda, aliingia redioni na kutoa amri zake kwa sauti yake mwenyewe, na wasikilizaji wengi hawakumjua. Ugeni wa sauti hiyo ulikuwa sehemu ya hofu iliyoletwa nayo. Waasi wa Nairobi walitafuta kinyume chake. Walitaka habari ngeni itoke katika kinywa kilichozoeleka, ili ugeni wake upungue. Walichokwenda kukichukua nyumbani kwa Mbotela kilikuwa imani iliyolimbikizwa kwa miaka 18 ya salamu, habari na mpira.

Swali la pili linahusu tangazo lenyewe. Wanafalsafa wa lugha hufundisha kwamba kutangaza ni kutenda, lakini tendo hilo hutimia iwapo tu mwenye kutamka ana mamlaka. Siku ile mtamkaji hakuwa na mamlaka yoyote. Mara ya kwanza mamlaka yalikuwa nyuma ya bunduki za waasi, na mara ya pili yalikuwa nyuma ya bunduki za watiifu. Sentensi zote mbili zilikamilika kisarufi, zikatamkwa kwa Kiswahili fasaha na kwa sauti moja. Hakuna kitu ndani ya lugha kilichomwezesha msikilizaji kujua ipi itasimama. Hapo ndipo udhaifu wa kauli arifu unapoonekana: huweza kutekwa. Mwenye nguvu humpa mtangazaji maneno, na maneno hutoka.

Hata msamiati wa siku hiyo hauna upande. Kupindua ni kitenzi cha mtumbwi na cha chungu kabla ya kuwa cha serikali. Zanzibar, kutokana na mwaka 1964, Mapinduzi huandikwa kwa herufi kubwa na hupewa sifa ya utukufu. Kenya, kutokana na mwaka 1982, neno hilo hilo hutanguliwa na "jaribio la" na huandamana na hukumu za mahakama ya kijeshi. Aliyeshinda ndiye aliyeamua maana.

Wapo walioona ajabu kwamba mtangazaji alisoma matangazo mawili yanayopingana katika siku moja. Mhadhara huu hauoni kwamba ni haki kumdai mtu ushujaa wa kufa kwa ajili ya sentensi aliyoandikiwa na wengine. Methali nyingine ya waungwana inafaa zaidi: Mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Maana yake si kwamba mwungwana havuliwi. Maana yake ni kwamba akivuliwa hutafuta njia ya kujisitiri kwa kadiri inavyowezekana. Mbotela alijisitiri kwa kusimulia. Hakudai baadaye kwamba hakusema, wala hakujifanya mpinzani wa siri au shujaa wa serikali. Alieleza kwamba aliogopa na kwamba aliamriwa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuaminiwa, ukweli huo ndio uliokuwa nguo iliyobaki.

6.0 Mipaka ya ungwana wa redio

Haitakuwa kweli kumaliza kwa sifa tupu. Redio ya umma ya wakati huo ilikuwa redio ya serikali. Juni 1982, miezi miwili kasoro kabla ya jaribio la mapinduzi, Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Katika mazingira hayo, swali kuhusu ungwana liliweza kuelekezwa kwa mgeni, kwa jirani na kwa mkopaji. Kulielekeza hewani kwa dola, kwa wenye kuwafunga watu bila kesi, hakukuwezekana. Mhakiki anaweza kusema kwamba kipindi kilichowafundisha raia adabu bila kuwahoji watawala kilisaidia, hata bila kukusudia, kudumisha utulivu uliowafaa watawala hao.

Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini jibu lake limo katika muundo wa swali lenyewe. Aliyezoeshwa kwa miaka mingi kupima kitendo bila kujali nani amekitenda, amepewa chombo ambacho mtoaji hawezi kukiwekea mpaka. Leo maneno ya kipindi hicho hutumiwa na Wakenya kuhusu jambo lolote: foleni iliyorukwa, ahadi ya mbunge, fedha za umma zilizoliwa. Tangazo la kwanza la tarehe 1 Agosti lilikufa kabla ya jioni, na la pili likabaki katika kumbukumbu za historia. Swali la mwaka 1966 limetoka redioni na kuwa la watu wote.

7.0 Hitimisho

Sasa yaweza kujibiwa swali la mtu wa Sapiwi: ungwana wa nani? Kama ungwana ni nasaba ya miji ya pwani, basi si wake, na anapousikia redioni anasikia heshima ya watu wengine. Lakini safari iliyofuatwa katika mhadhara huu inaonesha kwamba walioieneza maana ya sasa ya neno hili hawakuwa wenye nasaba hiyo. Walikuwa wapagazi waliojipa jina njiani, na watoto wa waliokombolewa ambao kwao Kiswahili kilianza kama lugha ya wageni waliokutana. Mtoto wa Ntuzu anayejifunza Kiswahili darasani yuko karibu na kizazi cha kwanza cha Frere Town kuliko anavyodhani. Wote wawili waliipata lugha hii kwa kukutana nayo, na wote wawili wana haki sawa ya kuitumia kuhukumu.

Kwa wanafunzi wa taaluma za Kiswahili, maisha ya Mbotela yanaacha kazi ya kufanya. Utafiti wa lugha ya vyombo vya habari umejishughulisha mno na makosa ya watangazaji, tafsiri mbovu na matamshi yaliyopotoka. Hayo yana mahali pake. Lakini redio ya umma imefanya zaidi ya kusanifisha matamshi: imehamisha maneno kutoka tabaka moja hadi jingine. Ipo haja ya kuyafuatilia maneno mengine ya heshima, kama vile utu, ustaarabu na ndugu, kwa njia hiyo hiyo: kuuliza yalikuwa ya nani, yalipita kinywani mwa nani, na ni nani leo anayeweza kuyatamka bila kuulizwa alikozaliwa.